Mipira ya Desemba, wavuvi wa Machi

Tarehe 1 Desemba Zambia hufanya mambo mawili kwa mpigo. Serikali na wadau wake huadhimisha Siku ya UKIMWI Duniani kwa hotuba, maandamano, upimaji wa bure na kondomu zinazogawiwa kwa kiganja kilichojaa. Siku hiyohiyo ziwa linafungwa. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Februari ni marufuku kuvua katika maziwa na mito mingi ya nchi, Ziwa Mweru likiwamo, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa Nchelenge, wilaya iliyo kando ya ziwa hilo, hii ina maana kwamba wiki yenye kelele nyingi kuliko zote kuhusu kinga ya VVU ndiyo wiki ambayo wavuvi wanakunja nyavu, wachuuzi wanarudi Kitwe na Ndola, na gesti za Kashikishi zinabaki na vitanda vitupu. Ziwa linapofunguliwa tarehe 1 Machi watu hurudi kwa pamoja na pesa huanza kutembea upya. Siku hiyo haina kelele kama hizo za kinga.

Kwa miaka mingi mjadala wa kondomu katika nchi zetu umehusu maadili na elimu. Je, vijana wafundishwe? Je, zinachochea uasherati? Je, watu wanajua kuzitumia? Ni mjadala wenye nafasi yake. Lakini anayeshughulika na ugavi wa dawa na vifaa vya afya huanza na swali jingine: usiku ule mtu anapoihitaji, iko umbali gani kutoka alipo? Mpango wa taifa unaweza kuwa na sera nzuri, kamati kamili na takwimu za kupendeza, na bado ukashindwa kujibu swali hilo kwa kisiwa kimoja cha wavuvi. Kwa maoni yangu hapo ndipo programu nyingi za kondomu Afrika Mashariki na Kusini zilipokwama. Zinahesabu mipira iliyotoka ghalani na kuripoti hesabu hiyo kana kwamba ndiyo kinga.

Msomaji wa Mwanza, Kigoma au Homa Bay hatapata shida kuielewa Nchelenge. Ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini kabisa mwa Zambia, kama kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Lusaka. Soko lake kubwa la samaki liko Kashikishi, pembeni tu ya makao ya wilaya. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na mji wa Kilwa uko upande huo. Visiwa vya Kilwa na Chisenga viko upande wa Zambia, na kuvifikia ni kwa boti. Watu huzungumza Kibemba, na Kiswahili cha Katanga hakiko mbali nao, maana jamaa, wateja na wapinzani wa biashara wako pande zote mbili. Mahusiano hayo ni ya zamani: David Livingstone alipofika kwa mfalme Mwata Kazembe wa Luapula mwaka 1867 aliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani yetu wakiwa wenyeji wa muda mrefu. Tangu mwanzoni mwa 2018 wilaya ina pia makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyoanzishwa kwa ajili ya maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano upande wa Pweto.

Uchumi wa mwambao huu unaendeshwa na samaki wawili wasiofanana. Kuna pale, aina ya perege anayevuliwa kwa nyavu za kutega, na kuna chisense, kidagaa kinachovuliwa usiku kwa taa kama dagaa wa Victoria na Tanganyika. Mwezi ukiwa mchanga au giza likiwa totoro, mitumbwi huingia majini jioni na kurudi alfajiri. Chisense humwagwa juani, hukauka, hufungwa kwenye magunia na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Ukanda wa Shaba. Mwezi ukipevuka, taa haziwavuti samaki vizuri. Wavuvi hubaki nchi kavu, wana fedha za wiki mbili mfukoni, na wachuuzi waliochelewa kujaza magunia hubaki nao, wakilipia gesti na chakula kila siku inayopita. Mtaji wa mchuuzi unaliwa na kusubiri. Ukitaka kujua hatari ya VVU katika mwalo wa dagaa, tazama siku hizo za kusubiri, maana hapo ndipo makubaliano ya "kunikumbuka kwanza samaki wakija" hufanyika.

Wakenya wa Ziwa Victoria wanaita jambo hili la kubadilishana ngono kwa samaki jaboya, na kwa upande wa Zambia wataalamu Sonja Merten na Tobias Haller waliliandika kuhusu wavuvi wa nyanda za Mto Kafue. Lakini Mweru ina historia inayotuzuia kuwachora wanawake wa mwaloni kama wahanga tu. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake Nachituti's Gift cha mwaka 2006, ameeleza jinsi biashara ya chisense ilivyokua kuanzia miaka ya 1980. Ilihitaji mtaji mdogo kuliko uvuvi wa pale, na wanawake wengi waliingia humo kwa nguvu. Wengine walimiliki nyavu na vyombo, wakaajiri wanaume. Mwanamke mwenye wavu wake hamsubiri mtu amkumbuke. Mwanamke aliyetoka Mufulira na mtaji wa mkopo, anayedaiwa marejesho Ijumaa, yuko katika hali nyingine kabisa, hata kama wote wawili wanajua sawasawa kondomu inavyovaliwa. Programu inayowaweka wawili hao kwenye kapu moja la "wanawake wa mwaloni" haitamfikia yeyote vizuri.

Sasa takwimu, maana bila hizo mambo haya yanaonekana kama masimulizi. Utafiti wa kitaifa wa ZAMPHIA wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba asilimia 11 hivi ya watu wazima wa Zambia wanaishi na VVU, wanawake karibu 14 na wanaume 8 katika kila mia. Mkoa wa Luapula huwa chini ya wastani wa taifa, na huo ndio mtego wenyewe: mkoa ukionekana afadhali kwenye jedwali la Lusaka, mgao unaelekea Lusaka na Ukanda wa Shaba. Jedwali la mkoa linawachanganya wakulima wa mihogo walio mbali na ziwa na watu wa mwaloni. Tunajua kwa mfano wa Uganda jinsi mchanganyiko huo unavyoficha mambo. Katika eneo la Rakai watafiti waligundua kwamba vijiji vya wavuvi vilikuwa na maambukizi ya karibu watu 40 kwa kila 100, ilhali vijiji vya wakulima visivyo mbali sana vilikuwa na kama 14. Sidai kwamba Kashikishi ni Rakai. Nadai kwamba wastani wa mkoa hauwezi kutuambia lolote kuhusu Kashikishi.

Na kuna maneno yanayosemwa sana mpakani ambayo takwimu zinayakataa: kwamba ugonjwa unaletwa na Wakongo. Kiwango cha VVU nchini Kongo kitaifa ni kama asilimia 1, sehemu ndogo sana ya kile cha Zambia. Mkimbizi aliyetoka Pweto akafikia Mantapala ameingia katika nchi yenye maambukizi mengi kuliko alikotoka. Kwa hesabu hiyo yeye ndiye wa kulindwa, na kulindwa huko kunaanza na maelezo anayoyaelewa. Bango la Kiingereza lililobandikwa Nchelenge halimsaidii. La Kibemba linamsaidia kiasi. La Kiswahili chake lingemsaidia zaidi, na kuliandaa hakuhitaji fedha za ziada bali mtu wa kukumbuka.

Sasa turudi ghalani, kwani hapo ndipo kosa lisiloonekana linapozaliwa. Vituo vya afya katika nchi zetu huagiza vifaa kwa kutazama matumizi ya nyuma, kwa kawaida wastani wa miezi mitatu iliyopita, kisha huongeza akiba kidogo. Kwa dawa ya shinikizo la damu utaratibu huu hauna tatizo. Wagonjwa ni walewale mwezi hadi mwezi. Uweke sasa kwenye mwalo. Tuchukue mfano wa kituo cha kubuni kandokando ya Mweru ambacho Desemba kimetoa kondomu 1,500, Januari 1,000 na Februari 2,000, kwa kuwa ziwa lilikuwa limefungwa na watu wametawanyika. Wastani ni 1,500. Mhudumu mwaminifu, anayejaza fomu yake vizuri, ataagiza za mwezi mmoja na akiba ya mwezi mwingine: 3,000. Machi ziwa linafunguliwa na mahitaji yanapanda hadi 5,000. Kabla mwezi haujafika tarehe 20 boksi la mlangoni limebaki tupu.

Linalofuata ni baya zaidi. Mwisho wa Machi fomu itasema kituo kimetoa 3,000. Haitasema kwamba watu walitafuta nyingine 2,000, wakatia mkono kwenye boksi wakakuta hewa, kwa sababu hakuna safu ya kuandika hewa. Wastani mpya wa Januari, Februari na Machi utakuwa 2,000, na agizo lijalo litafuata huo. Kwa njia hii upungufu unajigeuza kuwa ushahidi kwamba mahitaji ni madogo. Juu Lusaka mchambuzi ataona mstari ulionyooka na kuhitimisha kwamba watu wa Mweru hawazipendi kondomu. Pengine ataandaa semina ya kubadili tabia.

Dawa ya ugonjwa huu iko Nchelenge yenyewe, na nashangaa haijatumika. Halmashauri hutoza ushuru wa samaki. Watoza ushuru wako mialoni na vizuizini, wanajua ni magunia mangapi yametoka wiki hii na mangapi yalitoka wiki kama hii mwaka jana. Magunia ndiyo kipimo bora cha watu: wingi wa chisense unafuata wingi wa wavuvi, wachuuzi, wapagazi, madereva na wauza pombe. Ofisi ya afya ya wilaya ikipewa nakala ya stakabadhi hizo kila wiki inaweza kuagiza kwa kuangalia mbele, ikajaza stoo za mwambao na visiwa katika nusu ya pili ya Februari, ikapunguza mwezi Novemba. Haihitaji mfumo mpya wa kompyuta wala mshauri kutoka nje. Inahitaji ofisi mbili za wilaya moja zipeane karatasi.

Safari ya mwisho ndiyo inayodharauliwa. Kondomu za umma husafiri kwenye lori la dawa hadi wilayani, na hapo ripoti ya kitaifa huzihesabu kuwa zimefika. Kwenda kisiwani lazima kuwe na boti, petroli na mtu wa kuambatana na mzigo. Boti ya afya ikiwa mbovu, mzigo hulala. Ukilala mahali pabaya unaharibika kimyakimya: mpira wa lateksi unaweza kudumu hadi miaka 5 tangu kutengenezwa ukikaa mahali pakavu pasipo jua kali, lakini chini ya bati la mwaloni, au ndani ya mtumbwi siku nzima, joto linaula. Ukitaka kuutambua mzima, bonyeza pakiti uone kama ina mto wa hewa, kisha soma tarehe. Wavuvi wakionyeshwa mara moja hawasahau. Ni watu wanaokagua nyavu na vyombo vyao kila siku.

Kuna jingine la mahali hapa. Mafuta ya mawese ni mafuta ya jikoni ya Luapula na Katanga yote, na vaselini iko kila kibanda. Mafuta yoyote ya aina hiyo hudhoofisha lateksi ndani ya dakika chache. Mtu akilalamika kwamba kondomu za bure hupasuka, mara nyingi haijachunguzwa alitumia nini kulainisha. Kugawa mipira bila vilainishi vya maji, katika mahali ambapo kila nyumba ina mawese, ni kupanda uvumi kwamba "za serikali" ni dhaifu. Uganda iliwahi kuonja uchungu wa uvumi kama huo ukiwa na sababu: mwaka 2004 kondomu za umma za Engabu ziliondolewa sokoni baada ya matatizo ya ubora, nchi ikapata uhaba, na imani iliyopotea haikurudi kwa tangazo la redioni.

Zahanati hufungwa alasiri. Mwalo wa chisense huamka jioni. Hospitali ya misheni ya St Paul's iliyoko Kashikishi imebeba matibabu ya watu wengi wa wilaya hii kwa miaka na inastahili heshima yote, lakini mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu kondomu yanajulikana, na mpango wa wilaya hauna sababu ya kugombana nayo. Uweke tu mipira mahali pengine. Mahali hapo pako tele: gesti, vilabu vya pombe, vibanda vya kuchaji simu, maduka ya betri za taa za kuvulia, maegesho ya malori, na kamati za vijiji zinazosimamia uvuvi. Mtu wa duka la betri anakutana na kila mvuvi wa usiku kabla hajaingia majini. Sijui mhudumu wa afya yeyote anayeweza kusema hivyo. Lakini mwenye duka hatajaza fomu ya kurasa mbili. Mpe leja ya mstari mmoja: tarehe boksi la 144 lilipofunguliwa, na tarehe lilipoisha. Tofauti ya tarehe hizo mbili ni takwimu tosha, na ni ya kweli kuliko nyingi zinazosafiri kwenda makao makuu.

Kutoa bure peke yake pia hakutoshi. Zambia ilikuwa na mafanikio makubwa na kondomu ya Maximum, iliyoanza kuuzwa kwa bei ya ruzuku mwaka 1992 na Society for Family Health. Ilikuwa na jina, ilikuwa na sura, iliuzwa dukani karibu na sigara, na mtu aliinunua bila aibu kama anunuavyo kiberiti. Tanzania tulikuwa na Salama, Wakenya Trust. Wafadhili wakaanza kuchoka na ruzuku hizi. Katika nchi za Afrika zilizokuwa na miradi mikubwa ya aina hii, mauzo yalishuka kwa karibu nusu kati ya 2011 na 2020. Wapangaji walidhani za bure zitaziba pengo. Hazikuziba, kwa sababu mchuuzi mwenye pesa anapenda kitu chenye jina, na mwenye duka hukitunza kitu anachopata faida kidogo. Soko zuri la kondomu lina ngazi zote tatu, ya bure kwa asiye na kitu, ya ruzuku kwa mwenye kidogo na ya bei kamili kwa anayeweza, na kazi ya programu ya taifa ni kuzilinda zisiuane. Mahali pengine boksi la bure limeua duka. Pengine duka limekufa na boksi ni tupu.

Ukimya wa hadharani una sehemu yake. Kenneth Kaunda alivunja mwiko mwaka 1987 alipotangaza kwamba mwanawe Masuzyo aliuawa na UKIMWI, wakati marais wengi wa bara hili walikuwa bado wanakana. Baadaye Zambia ilijitangaza kuwa taifa la Kikristo, na kuisema kondomu hadharani kukageuka jambo la kubishaniwa upya kila mara. Naheshimu dini za watu wangu na sioni faida ya kuzidhihaki. Ila kondomu haihitaji mahubiri, inahitaji kuwapo. Mchungaji wa Kashikishi akihubiri uaminifu Jumapili na mwenye gesti akiweka boksi chumbani Jumatatu, hakuna aliyemzuia mwenzake kufanya kazi.

Kuna wanaouliza, kwa nia njema kabisa, kama haya yote bado yana maana. ZAMPHIA ileile ya 2021 ilionyesha kwamba kati ya wanaojijua kuwa na VVU Zambia asilimia 98 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao zaidi ya 96 walikuwa wamefubaza virusi. Mtu aliyefubaza virusi haambukizi kwa kujamiiana. Rakai nako maambukizi mapya katika vijiji vya wavuvi yalishuka kwa karibu nusu kati ya 2011 na 2017, na sifa kubwa ilikuwa ya dawa na tohara. Novemba 2025 Zambia ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kupokea lenacapavir, sindano ya kinga ya mara mbili kwa mwaka. Je, kondomu imepitwa na wakati?

Haijapitwa, na mwaloni ndipo sababu zinapoonekana vizuri. Katika ZAMPHIA ileile, watu 11 kati ya kila 100 wenye VVU hawakuwa wanajijua, na wa kuhamahama ndio wagumu kuwapata. Mvuvi mwenye kadi ya dawa Nchelenge anapovuka kwenda kuvua upande wa Kongo wakati wa marufuku, dawa zake huweza kuisha akiwa ng'ambo, na virusi havisubiri arudi. Shehena ya kwanza ya sindano ilikuwa ya dozi mia tano kwa nchi nzima. Kaswende, kisonono na mimba zisizotarajiwa hazizuiwi na kidonge cha ARV wala sindano hiyo. Na katika zana zote tulizo nazo, kondomu ndiyo isiyodai jina, kadi, kipimo, wala kurudi kliniki baada ya miezi mitatu. Ikitumiwa kila mara na kwa usahihi hupunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80 kati ya wenzi ambao mmoja ana virusi. Makadirio ya wataalamu John Stover na Yu Teng ni kwamba tangu 1990 imezuia maambukizi mapya milioni 117 duniani, karibu nusu yakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Hakuna hospitali yenye sherehe ya kumpongeza mtu ambaye hakuambukizwa, na ndiyo maana kondomu ni rahisi kuikatia bajeti.

Na imekatiwa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai USAID, mnunuzi mkubwa wa kondomu za Afrika kwa miongo kadhaa, ilikuwa imefungwa. Mei mwaka huohuo balozi wa Marekani Lusaka alitangaza kwamba nchi yake itaondoa dola milioni 50 kwa mwaka za msaada wa dawa, kwa sababu dawa zilizotolewa bure zilikuwa zikiibwa na kuuzwa madukani. Unaweza kuukasirikia uamuzi unaomwadhibu mgonjwa kwa kosa la mwizi, na mimi unanikasirisha. Wizi wenyewe, hata hivyo, ni jibu la swali lile la ghala: mzigo usiohesabiwa pale unapotumika ni rahisi kupotea njiani.

Tupige hesabu ya fedha. Kondomu ya kiume inayonunuliwa kwa wingi kupitia UNFPA hugharimu kama senti tatu za dola. Kigezo kilichowekwa na shirika hilo ni mipira 30 kwa kila mwanamume kwa mwaka, kigezo ambacho ni nchi chache sana za Afrika zilizowahi kukifikia. Wanaume elfu moja kwa kigezo hicho ni kondomu 30,000, dola 900 kwa mwaka. Vidonge vya ARV kwa mtu mmoja, kwa bei ya chini kabisa ya sasa, ni chini ya dola 37 kwa mwaka, bila kuhesabu maabara, mishahara na usafiri. Kwa hiyo gharama ya kuwapa wanaume elfu moja mipira yao ya mwaka mzima ni sawa na vidonge vya watu 24 hivi kwa mwaka mmoja, na hao 24 watahitaji vidonge mwaka ujao na unaofuata hadi mwisho wa maisha yao. Ongeza petroli ya boti, ongeza vilainishi, ongeza mpira wa kike ambao bei yake ni zaidi ya mara kumi, bado hatujafika fedha ambazo nchi yenye migodi ya shaba inahitaji kuziomba Washington.

Kuhusu mpira wa kike, nisiupite haraka. Mipango hupenda kuuondoa kwanza kwa sababu ya bei. Mchuuzi anayesubiri mzigo mwezi mpevu hana uwezo wa kumlazimisha mwenye samaki avae chochote, lakini anaweza kuvaa wake kabla hajatoka chumbani. Kwa kundi hilo moja, siku hizo chache za kila mwezi, bei yake ni ya haki. Haina maana kuusambaza nchi nzima kwa usawa ukaozee kwenye vituo visivyouhitaji. Upelekwe mialoni, kwa wachuuzi wenyewe wauzoee kwa kufundishana, na wapangiwe mgao wao.

Njia nyingine ni mwanamke kuwa na chombo chake. Huko Nduru Beach, Kenya, mwaka 2011 wanawake walioanzisha mpango wa kukataa ngono kwa samaki walipewa boti zao wenyewe, na waliozipata waliacha kumtegemea mvuvi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika, kijiji kikaingia majini, na kazi ya miaka ikarudi nyuma. Mweru wanawake walikuwa na nyavu miaka mingi kabla ya boti hizo za Nduru, bila mradi wa mtu. Halmashauri ya Nchelenge inayokusanya ushuru kutoka kwa wachuuzi hao inaweza kutenga sehemu ya ushuru huo kwa mambo mawili: mkopo mdogo wa kumwezesha mchuuzi kulipia samaki kabla hajafika, na petroli ya boti inayopeleka mipira Kilwa na Chisenga. Visiwa hivyo viwili vitoshe kwa mwaka wa kwanza. Leja za maduka ya betri zitaonyesha mwishoni mwa mwaka kama maboksi yalikuwa yakiisha baada ya wiki moja au baada ya miezi miwili, na ni kwa karatasi hizo, zenye mistari ya watu wa mwaloni wenyewe, wilaya inaweza kwenda Lusaka kudai mgao wake.